Kabla ya Kuingia Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka hoi. Leo bwana mmoja amenifokea kwenye simu kwa sababu maji ya bomba lake yanatoka mekundu. Nikamwambia pole. Nikamwambia nimemwelewa. Ndiyo kazi yangu, kuelewa. Kutwa nzima hedifoni kichwani, na kila anayepiga ana ugomvi na shirika la maji, na shirika la maji ni mimi.

Wageni wakija kwetu wanasema tunaishi peponi. Miti imefunga juu ya barabara kama dari, taa zimezama kwenye majani. Sawa. Mimi pepo yenyewe naiona Jumapili. Siku nyingine natoka ndege hawajaamka, nikirudi jua linaaga. Anayeifaidi ni mume wangu. Ana kitalu cha miche chini ya barabara yetu, anaijua miti ya mji huu kama mtu anavyowajua wajomba zake. Yeye ndiye aliyetaka tuhamie huku. Na sijutii – nasema kweli. Ila usingizi!

Kwenye treni nimekaa na Bwana Koti kama kawaida. Jina lake silijui, langu halijui. Mwaka wa pili huu. Yeye dirishani, mimi ubavuni kwake. Koti lile lile la kijivu, liwake jua inyeshe mvua. Asubuhi ananiwekea nafasi kwa mkoba wake. Nikisinzia namwangukia begani, hasemi kitu. "Za asubuhi." "Tumefika." Basi, maongezi yameisha.

Halafu kuna lile lingine. Hapa naweza kuliandika. Jioni tukishuka siendi nyumbani moja kwa moja. Nyuma ya stesheni kuna bustani ya umma, na mwisho wake, penye miti mikubwa, kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Nakaa. Sisomi, sishiki simu. Nangoja zile sauti zinitoke masikioni. Bwana Koti naye hukaa, benchi la pili, ng'ambo ya njia. Mabega yamemlegea, macho kwenye majani. Kule hatupeani hata salamu. Giza likianza kuingia tunanyanyuka, kila mmoja na njia yake.

Nyumbani nasema treni imechelewa.

Jumatano, 6 Machi

Leo treni imechelewa kweli. Tumekwama katikati ya njia, mvua inapiga vioo, behewa linanuka nguo mbichi. Nimefika kumeshakuwa giza, nikapitiliza nyumbani. Sikukaa.

Nikamkaripia kitindamimba wangu kwa kumwaga maziwa. Maziwa! Akanitazama kama anamtazama mtu aliyeingia nyumba siyo. Mume wangu akafuta meza, akasema mama leo amechoka. Leo, anasema.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike polepole.

Tulikuwa tunarudi. Tulikuwa tumeshaupita mto, nilikuwa nusu usingizini, nikahisi bega lake linanilemea. Nikajisemea leo zamu yake. Nikamwacha alale. Nikamwacha! Mpaka mkoba ulipomponyoka na yeye hakuinama kuuokota. Nikamtazama. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka, kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mdomo unataka kusema, maneno hayaji.

Nikapiga kelele. Kondakta akaja, akauliza huyu ni nani wako. Nikasema ni jirani yangu wa kiti. Watu wakanitazama.

Gari la wagonjwa lilitusubiri stesheni kwetu. Nikapanda naye. Sikufikiri, nilijikuta nimeshapanda tu. Alikuwa amenishika mkono kwa mkono wake mzima, ananibana mpaka vidole vikafa ganzi. Hospitali muuguzi akaniuliza jina la mgonjwa. Sijui. Umri? Sijui. Ana sukari, ana presha? Sijui. Ninachojua ni kwamba hapendi dirisha lifunguliwe kabla ya mto. Wakatafuta kitambulisho mfukoni mwa koti, wakalisoma jina. Jina zuri tu. Nikaona kama la mtu mwingine.

Kiharusi. Daktari anasema ataishi, ila kusema na kutembea – tungoje.

Mkewe akaja na kanga begani, kiatu hiki cha ndani, hiki cha kutokea. Mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye uso wa watu wanaocheka. Akanikumbatia kabla ya kuniuliza mimi nani. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Wa tatu! Tumekuwa tukinyanyuka pale bustanini, mmoja kulia mmoja kushoto, na kumbe tunazunguka mji ule ule kufika sehemu ile ile.

Jumapili, 10 Machi

Mume wangu ameshautangazia mji mzima. Kila aliyekuja kununua mche jana aliondoka na habari zangu. Mke wangu ameokoa mtu. Anatia chumvi mpaka sasa eti nilimbeba. Naona haya, na pia naona raha kidogo.

Jioni ameniambia neno limenikaa. Tulikuwa nje, ananikanda miguu. Akasema rafiki zake wakirudi kutoka kazini wanaingia na hasira za mabosi wao, wanawamalizia wake na watoto. "Wewe kazi yako ni kutukanwa kutwa nzima," akasema, "na bado ukifungua mlango huu uso wako ni mkunjufu. Nashukuru Mungu, wewe umeumbwa hivyo."

Sikuumbwa hivyo. Ningemwambia nini? Kwamba kuna dakika zangu nazichukua kwanza, halafu zinazobaki ndizo za kwenu? Asubuhi yeye ndiye anayewaamsha watoto, anayesuka nywele za mkubwa, anayepika. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba unapita karibu na mlango wake na huingii?

Jumanne, 12 Machi

Treni bila Bwana Koti. Dirishani alikaa mwanafunzi anayekula karanga. Nikalala na shingo hewani.

Jioni nimekwenda kumwona. Upande wa kulia umelala. Neno linalomtoka ni moja, "pale." Ukimpa maji, pale. Ukimwuliza anaumwa wapi, pale. Mkewe anacheka, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anacheka tena. Anasema huyu bwana nyumbani ndiye redio ya nyumba. Akiingia tu mlangoni utani umeanza, anawaiga majirani, anawachezesha wajukuu mpaka wanashindwa kula. Nikamtazama pale kitandani. Kwa muda wote ule sijawahi kuona meno yake.

Mkewe akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akaniita mdogo wangu. Akauliza, kama anauliza hali ya hewa, hivi treni yenu ya jioni huwa inachelewa kila siku? Maana huyu bwana alikuwa anafika giza limeshaingia, na jirani yake mmoja anayefanya kazi mjini huko huko anafika bado kweupe.

Nikasema mara nyingine inachelewa.

Akasema, "Ahaa."

Nimekuja nyumbani moja kwa moja. Kukaa peke yangu kule nimeona kama kuiba.

Alhamisi, 14 Machi

Yule mama amekwenda kitaluni kumshukuru mume wangu. Amemwambia umeoa, shemeji, umeoa mtu. Wakaongea. Mume wangu, na mdomo wake usio na mlango, akampa pole kwa shida ya treni, akasema na sisi huku ni hivyo hivyo, siku nne kati ya tano treni inachelewa, watu wa reli hawana huruma. Amenihadithia haya huku anakata vitunguu, mchangamfu kabisa.

Nikamwuliza mama akasemaje.

Akasema hakusema kitu. Aliuliza tu kama mimi na mume wake huwa tunapanda treni moja. Na yeye akamjibu ndiyo, si ndiyo maana nilikuwepo?

Chakula kikanishinda. Nikasema ni tumbo.

Ijumaa, 15 Machi

Mlinzi wa stesheni kanisimamisha getini. Mtu mpole, hana neno. Ila leo alikuwa anakuna shingo. Akaniambia mama mmoja alikuja kumwuliza habari za treni ya jioni, na yeye akamjibu kweli: tangu walipotengeneza daraja inafika kwa wakati, mvua ile ndiyo iliivuruga siku moja. Mama akauliza kama anamjua bwana mwenye koti la kijivu. Akamjibu nani hamjui, yule wa bustanini.

"Sikumtaja mtu mwingine, dada," akasema. "Lakini na yule anayefagia bustani alikuwa amesimama hapo."

Nimetembea mpaka nyumbani. Njia nzima nikitafuta maneno. Tunakaa tu. Kila sentensi inayoanza na "tunakaa tu" inanuka. Hata mimi ningeisikia kwa mtu mwingine nisingeiamini.

Nimwambie mume wangu leo, kabla hajaambiwa. Nimeingia, nimemkuta amewalaza watoto mapema, ameniwekea maji ya moto kwenye beseni ya miguu. Nikaweka miguu. Nikafungua mdomo. Akasema tulia, usiseme kitu, umeongea kutwa nzima.

Nikatulia.

Jumamosi, 16 Machi

Yule mama amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi ninapoandika. Nimesema naingia chumbani kuvaa viatu.

Alibisha hodi tumemaliza chai. Mume wangu akamkaribisha kwa shangwe, akamletea kiti kizuri. Mgonjwa anaendeleaje? Anaendelea, amesogeza kidole. Akakaa na mkoba wa mume wake mapajani, ule mkoba ulioniwekea nafasi asubuhi zote zile. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kelele ndiyo kazi yangu, ningejua la kufanya.

Akasema, "Mdogo wangu, mimi sikuja kugombana. Mume wangu hawezi kusema. Umebaki wewe. Mlikuwa mnakaa pale bustanini mnaongea nini?"

Mume wangu akacheka kidogo, akidhani mama kakosea mtu. Akanigeukia nimsaidie kucheka. Halafu kicheko kikamwishia usoni taratibu.

Nikasema, "Hatukuwa tunaongea."

"Mwaka mzima?"

"Yeye benchi lake, mimi langu. Hata jina lake nililijua hospitali."

Mume wangu akawaambia watoto wakamwagilie miche. Mkubwa akasema jana wamemwagilia. Akawaambia wakamwagilie tena.

Nikasema yote. Vibaya, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, lakini nimesema. Kwamba masikio yanaporudi kutoka mjini yamejaa. Kwamba mtu anahitaji mahali pa kumwaga. Kwamba nadhani na yeye bwana wake ni hivyo, ule utani anaofika nao mlangoni haukuwa unatoka naye mjini, alikuwa anaukusanya pale, kwenye miti. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, na hakuuliza kwa hasira:

"Kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tunamchosha?"

Nikamwangalia mume wangu. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia mikono yake, udongo kwenye kucha, kama ndiyo kwanza anauona. Akasema polepole, bila kuinua kichwa, "Nilikuwa nakuwekea chakula juu ya mkaa kisipoe. Nilikuwa nawalaani watu wa reli."

Kimya chenyewe nilichokuwa nakitafuta kila jioni, leo kimekuja mpaka sebuleni, nikatamani mtu yeyote apige simu anitukane.

Mama akasimama. Akasema twende ukanionyeshe. Nataka kukaa alipokuwa anakaa, nione anaona nini. Halafu akamwambia mume wangu, na wewe, shemeji, njoo. Mume wangu akasema sawa. Akachukua kofia.

Nimeingia huku. Nimevaa kiatu kimoja. Nafikiria tukifika nani atakaa wapi. Mama atakaa kwa mumewe, hilo linajulikana. Langu nikimpisha mume wangu nitabaki nimesimama njiani, nikikaa naye sijui kama atataka. Na tukishakaa tuseme nini – au ndiyo tusiseme? Kuwaonyesha kwenyewe ni kunyamaza, na leo nikinyamaza wataona nina la kuficha.

Nasikia watoto nje na maji.

Mlango unagongwa. Siyo mama, namjua anavyokohoa. Ni mume wangu. Chumba chake mwenyewe, na anabisha hodi.