Kiko cha Mama Mkwe na Sigara Yangu ya Umeme

Mpendwa Shangazi Asmaa, naomba msaada wako ila mahubiri sitaki, nimeshayasikia ya kutosha. Mimi ni mama lishe hapa Lusahunga, nawapikia madereva wa malori, na sigara nilikuwa navuta mpaka dereva mmoja aliponiuzia hii ya umeme, unaichaji kama simu, haina majivu, inatoa mvuke tu unaonukia embe, nikaona sasa nimepona. Basi mwanangu Joyness, wa miaka miwili, akashikwa na mafua, nami nikawaza, si sote tulifunikwa blanketi tukafukizwa kwa majani tulipokuwa wadogo, mvuke ni mvuke, nikajifunika naye nikampulizia, mama mkwe wangu Melania akafunua blanketi, akapiga ukelele, akambeba mtoto mpaka kwake Kirushya, eti hamrudishi mpaka niitupe, na anayasema hayo huku kiko chake kinafuka mdomoni! Mume wangu Emilian kajifanya hayumo. Siitupi ng'o! Kwa nini yeye avute mimi nikatazwe? Namtaka mwanangu, nifanyeje?

Mama Joyness

Mama Joyness, pole kwa kulala bila mtoto. Sasa nikugombeze.

Mvuke ni mvuke, nani kakudanganya? Ule wa majani ni maji yaliyochemka. Hicho kidude chako kina betri, betri inapasha moto kiwaya, kiwaya kinachoma pamba iliyolowa maji mazito ya dukani, na hayo ndiyo yanayogeuka ukungu. Harufu ya embe imetiwa, embe lenyewe halimo. Kilichomo mara nyingi ni nikotini, ileile ya tumbaku uliyodhani umeikimbia. Ndiyo uliyompulizia mtoto mwenye mafua. Alaa! Na akiyanywa maji hayo kwa utamu wa harufu, ni sumu.

Kuhusu kiko umesema kweli, na sioni haya kusema: uzee si ruhusa ya kumvutia mjukuu tumbaku usoni. Nyani haoni kundule, na hapa nawaona nyani wawili.

Nenda Kirushya, na Emilian umkokote. Mwamkie mama mkwe vizuri, kisha mkabidhi kidude mkononi, umwambie, "Mama, changu hiki hapa. Chako nacho kivutie nje, mtoto anapumua." Mpelekeni Joyness zahanati akapimwe kifua, nawe umweleze tabibu hamu ya kuvuta inavyokubana. Na mama mkwe aking'ang'ania kuvutia kiko ndani, mfunge mwanao mgongoni mrudi naye Lusahunga. Akikuuliza nani kakutuma, mtaje Asmaa.