Kichupa Kilichochemka

Bagamoyo, Jumatatu

Mpenzi Mikidadi,

Salamu zimefika, na vichupa vya ile sindano mpya ya kisukari inayong'aa pia. Mama amevipanga kwenye friji karibu na samli, anawatambia majirani: "Mkwe kaniletea taa za mwilini!" Insulini yake ya kila siku akaiacha.

Uliniambia mwanga ule ni wa seli hai zinazotengeneza insulini; zikifa, unazimika. Ni kweli, hata sisi tunaofanya kazi maabara tunazipima seli hivyo. Jana nilichemsha kichupa kimoja kwenye sufuria ya chai, nikafunga dirisha kupate giza. Kiliendelea kung'aa.

Mama hajui. Nimemrudisha kwenye insulini kwa kumwambia wewe ndiye uliyeagiza, maana mimi hanisikii. Sasa niambie: ulidanganywa, au ulijua? Na kwa nini ulinisihi nisivipeleke maabara?

Wako, kama bado,
Wahida