Bwana Harusi Alinichagua Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi ni Pankrat wa kijiji cha Zaozerye, nina miaka themanini na mmoja, nimewazika wake wawili na daktari aliyenikataza pombe, na shamba la ushirika lilikufa mimi bado napasua kuni, kwa hiyo usinione mtu wa kubabaishwa. Mjukuu wangu Ustinya, niliyemlea mwenyewe, anataka harusi ya kimila kama ya bibi zake, na mila hizo hakuna anayezijua kama mimi, basi tukafanya mazoezi, nikavaa gauni jekundu na shela nzito nikakaa mahali pa bibi harusi, maana kwetu bwana harusi huletewa kwanza bibi harusi wa uongo, mwenye ndevu ndiyo raha yenyewe, amkatae, watu wacheke, atoe chochote cha kumkomboa wa kweli, na kwa kazi hiyo wilaya nzima hakuna wa kunifikia. Lakini huyu Gleb, bwana harusi wake, kijana wa mjini, adabu zimemzidi, akanifunua, akaziona ndevu, akainama akasema, "Babu, siwezi kukukataa mbele za watu," akamweka bata bukini mezani na chupa pembeni, akanishika mkono. Nimekombolewa! Bata nimeshamla. Na aliyekombolewa huenda kwa mume, nikamwambia Gleb anitandikie kwake, karibu na jiko. Ustinya akapiga kelele, "Babu, wewe si bibi harusi!" Nikamjibu, "Muulize mchumba wako alimchagua nani." Sasa anasema nisipoacha ukaidi ataolewa mjini kwa msajili wa ndoa, bila mimi, na harusi ni Jumamosi na sanduku langu nimeshafunga. Nani ana haki? Mashahidi wangu ni jirani Agrafena aliyenifunga shela, na Tikhon mpiga kodiani, ingawa alikuwa amelewa.

JIBU

Mzee Pankrat, shikamoo naitoa kwanza, maana nikianza kusema sitakuwa na adabu.

Bibi harusi wa uongo kazi yake ni kukataliwa. Unalijua hilo, bingwa wa wilaya, na bado umefunga sanduku! Kijana kakuheshimu, umemlia bata wake na kumgeuzia kibao. Huoni haya?

Ila barua yako nimeirudia. Wake zako wote wako kaburini, Ustinya anaondoka Jumamosi, nyumba inabaki na wewe na jiko. Unachoogopa ni Jumapili asubuhi. Kumwambia mjukuu wako hivyo umeshindwa, ukaona rahisi zaidi kuolewa.

Pole, mzee wangu. Sasa nisikilize. Fungua sanduku leo. Mwite Ustinya peke yake, umwambie kwamba utabaki mpweke, basi, bila kumtaja Gleb wala mila. Akikualika kwake, nenda kama babu, ukae siku chache, urudi ukawashe jiko lako. Na kabla ya Jumamosi mfundishe Gleb kukukataa, mpaka aweze kukutazama usoni na kusema, "Simtaki huyu." Akishasema, usibishe. Inuka, umpishe mjukuu wako akae.