Siku Tuliyoinua Kabini ya Pikapu

Mjukuu wangu Masanja,

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Mtoto anaota meno, na kila nikishika kalamu naye anaitaka. Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako wa ukoo bado nanyonyesha! Hapa Nyakato wote wazima.

Unauliza mtainuaje kabini ya pikapu bila winchi. Sisi kabini ya pikapu ya baba tuliinua uani kwa mikono, mwaka jana. Majirani walijipanga, mjomba akaanzisha wimbo wa kulimia. Unatujua, wimbo ukianza hakuna anayesubiri. Wakainua, kumbe boliti moja ya nyuma bado imekaza! Kabini ikalia, ikaanza kupinda.

“Shusheni!” nikapiga kelele, tumbo mbele.

“We mwanamke, unanikatishia wimbo?”

“Wimbo utaurudia, mjomba. Kabini tunayo hii moja.”

Wakacheka, wakashusha. Mume wangu akaingia chini na spana, na mara ya pili ikatoka kama kofia. Kwa hiyo chungulia chini kwanza, ndipo waimbe.

Yetu bado iko chini, kuku wanatagia humo. Ili tuirudishe nahitaji raba nne za kukalia kabini, mpira wa kioo cha mbele, na wewe mwenyewe, uje ushike kona ya nyuma kulia.

Bibi yako,
Kabula