Bamba la Alumini

Jumanne, 9 Februari
Hii habari wataisimulia vibaya kule kwenye kahawa, nawajua. Watasema mzee Reino kaivunja mashine ya kurushia theluji kwa kujifanya kijana. Uongo! Niligonga jiwe. Jiwe kama ndama! Bamba la alumini linaloshika bomba la kurushia likapasuka vipande viwili.

Theluji imefika madirishani. Hatutoki. Na Ijumaa Lempi wangu anafanyiwa upasuaji wa jicho kule hospitali ya Marquette — akikosa, ni hadi Juni. La pili nalo linafifia.

Nimemwambia tulia mama, bamba nalichonga mwenyewe, hapa chini ya nyumba, kwa ruta yangu, ile mashine ya kuchongea mbao. Naye eti, "Kama lile kabati linalocheza dansi?"

Nimempigia jirani Arvid. Kacheka mpaka kakohoa. "Kaa humohumo, mzee. Tutakufukua Pasaka!"

Jumatano, 10 Februari
Nilifunga kwenye ruta kisu cha meno manne. Meno mengi, kazi chapuchapu — si ndiyo? Wapi! Alumini imelainika ikagandamana katikati ya meno kama uji kwenye mwiko. Pah! Kimekatika.

Kimebaki kimoja, cha meno mawili. Hicho kina nafasi, chembe zinaruka nje. Ningekichagua tangu mwanzo, ila mtu gani anaweka kitu kizuri chini kabisa ya droo? Mimi.

Fremu ya kuongozea ruta nimeitengeneza upya kwa plaiwudi nene. Ile ya kwanza ilipinda. Hakuna fundi mkoa huu mwenye fremu kama hii. Lempi anasema hakuna anayeitaka.

Alhamisi, 11 Februari
Nakata kidogokidogo, unene wa karata. Nadondoshea mafuta ya taa, kisu kisipate moto. Lempi kashika tochi. "Baba Kaija, leo unanukia kuliko siku ya harusi."

Nikacheka. Kuangalia — tochi inamulika ukuta. Naye ananiuliza, "Hapo unaona vizuri?"

Nikasema naona vizuri sana.

Nusu bado. Fremu imeanza kulegea. Nimezima, nimekaza skrubu, naandika kidogo nikipumzika.

Simu inalia juu. Lempi yuko kwenye ngazi, anapapasa ukuta. "Atakuwa Arvid. Nipokee?"

Lile la Arvid kucheka nimetunga. Jumanne ile alisema anakuja na pikipiki ya theluji kumchukua Lempi. Nikamwambia asisumbuke, njia nimeshaifungua.