Taa Nyekundu ya Baba Mdogo

Mwenzangu, nimetoka hospitali sasa hivi. Baba mdogo, yule fundi magari, amelazwa. Mshtuko wa moyo.

Na kaingia hospitali kwa miguu yake, eti ananiridhisha tu mimi. Jasho linamtiririka, anahema, anasema kifua hakiumi, ni uchovu.

Hakiumi. Daktari akamwambia sukari imeharibu mishipa yake ya fahamu, ndiyo maana hakusikia maumivu. Na kwa sukari hiyohiyo, kupona kwake kutakuwa kugumu kuliko kwa wengine.

Unajua alijibu nini?

"Mimi sina sukari, daktari. Niliacha kupima tangu mwaka jana."

Niliacha kupima. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu huyuhuyu anawafokea wateja gereji kwa kung'oa balbu ya taa nyekundu ya onyo kwenye dashibodi ili isiwasumbue wakiendesha.

Nikamkumbusha balbu hizo, palepale, mbele ya daktari.

Akaangalia dari weee. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, lile swali la wateja wake wenye magari mabovu analolicheka kila siku:

"Sasa, daktari, nikienda na moyo huu polepole, utanifikisha?"