Gaju Amekwenda Mtoni

Kingi, 2 Septemba 2024

Uwitonze mwanangu,

Salamu zitafuata, nianze na kosa, maana karibu wote tunalifanya. Mzee akisahau, tunamsahihisha. Umeniandikia kwamba kila asubuhi mama yako, dada yangu Nyiramahoro, anamuulizia Gaju, ng'ombe wake, nanyi mnamjibu kwamba Gaju alichukuliwa na wenye bunduki siku mlipokimbia kutoka Kingi, mimi nikabaki. Analia hadi adhuhuri. Kesho yake anauliza tena. Kwake hiyo si habari ya mwaka jana. Kila asubuhi mnamnyang'anya Gaju upya.

Hajarogwa, wala hajifanyi. Nimefanya uuguzi miaka thelathini na moja, na ingawa kwa barua siwezi kuapa, nadhani ni ugonjwa uitwao Alzheimer. Sehemu za ubongo hufa kidogo kidogo. Mambo ya juzi hutangulia kupotea, ya ujana hukawia. Ndiyo maana hajui jina la mjukuu wake lakini saa ya kukamua anaijua. Dawa ya kumponya hakuna.

Akiuliza, usibishane naye. Sema Gaju amekwenda mtoni kunywa maji.

Je, hamjambo huko Kalembe? Mimi ni mgongo tu. Network bado imekatwa, kwa hiyo majibu mpe Bienvenu wa pikipiki.

Mjomba wako,
Gasana

Kalembe, 19 Septemba 2024

Mujomba,

Jambo sana. Mugongo inaendelea namna gani? Siye tuko wazima. Mimi ni kichwa tu njo inaniuma, lakini hiyo ni mawazo.

Nilifanya vile ulisema, na Mama halii tena. Anasema, "Basi ni vizuri," anakaa ku mulango na kibuyu yake ya maziwa. Jana alimutazama Gentil, mutoto wake mwenyewe, akamuambia, "Wewe njo ule mwenye kutia maji mu maziwa. Toka hapa."

Gentil akajibu, "Mama, mimi sina hata mbuzi."

"Njo maana unaiba."

Tulicheka sana. Siku mingi hatukucheka. Aksanti, Mujomba.

Mupwa wako,
Uwitonze

Kalembe, 10 Oktoba 2024

Mujomba,

Leo siwezi kuuliza habari yako, unisamehe. Mama alikufa. Tulimuzika juzi.

Aliuliza, nikamujibu vile vya kila siku: Gaju ilienda ku muto. Nikaingia ndani kugeuza bugali. Nilipotoka, Mama hakukuwa, kibuyu pia haikukuwa. Alienda kurudisha Gaju, Mujomba. Mwanamuke mwenye kufua nguo alimuona anaingia mu maji, anaita jina ya ng'ombe polepole, vile wanaita kwa kukamua. Alimupigia kelele arudi. Mvua ilinyesha usiku muzima, maji ilikuwa mingi.

Gentil anasema uongo wangu njo ulimuua. Wewe ni muganga, uniambie: ni kweli? Kichwa inaniuma mupaka naona giza.

Uwitonze

Kingi, 17 Oktoba 2024

Uwitonze mwanangu,

Pole. Barua yako haikuwa na "mupwa wako" mwishoni. Nimeona, na sikulaumu.

Uongo ule ni wangu. Mwonyeshe Gentil barua hii. Nilikueleza ugonjwa unaondoa nini, sikuwaza unaacha nini. Ugonjwa ulimwacha mfugaji, mtu asiyeweza kukaa mlangoni huku ng'ombe wake yuko mtoni na maji yamejaa. Ilinipasa nikuambie umuulize Gaju alikuwa na pembe gani, umpe kibuyu akioshe, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Kuna jingine. Hakuna ajuaye kuuzuia ugonjwa huu kabisa, lakini tension ya juu, yaani msukumo mkubwa wa damu, isiyotibiwa miaka mingi huharibu mishipa ya ubongo na kuongeza hatari yake. Nimewapima nusu ya watu wa Kingi. Dada yangu sikumpima hata mara moja. Kila nilipofika kwake alinipa maziwa, nilikunywa, nikaaga. Kama kumpima kungebadilisha kitu, sijui, na sitajua.

Mara mbili umeniandikia kwamba kichwa kinauma, na sasa unaona giza. Barua hii usiijibu kwanza. Leo, kabla hujawasha moto, nenda kituo cha afya, nyoosha mkono, upimwe tension.

Mjomba wako,
Gasana